Kompyuta Iliyohukumiwa Kifo: Mwongozo wa Kukata Rufaa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na tangu siku hiyo mashine nzima kabisa zinaitwa maiti. Windows 11 inadai chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa za zamani za Intel haizitaki. ThinkPad ya mwaka 2008 iliyokuja kutoka Ubelgiji, ambayo bado inawaka kila asubuhi, haikupewa hata nafasi ya kujitetea. Mwongozo huu ni wa mkazi wa Gitega, hii ya Nyarugenge nchini Rwanda, jirani na Nyamirambo, si ile ya Burundi, anayeona hukumu hiyo ni dhuluma.

Fundi atakuambia uitupe ununue mpya. Mshukuru, mpe pesa ya chai, uondoke na mashine yako.

Wakili ninayempendekeza ni OpenBSD, mfumo wa ukoo wa Unix ulioanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995 huko Calgary, Kanada. Haulipiwi hata faranga moja. Linux nayo ni nzuri, na Rwanda inaijua kuliko inavyodhani: zile laptopu ndogo za kijani za One Laptop per Child, zilizoingia shule za msingi, ziliendeshwa na Linux kwa memori ya megabaiti 256 tu. Aliyejifunzia kwenye mashine ile asitishwe leo na neno Unix. Mimi naichagua OpenBSD kwa sababu ya bando. Maelezo yake yote, yaliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa, hukaa ndani ya mashine yenyewe. Ukikwama unaandika man na jina la amri, unasoma bila kuchoma data.

Kabla ya yote, okoa mali zako. Picha za harusi, barua za kuomba kazi, hesabu za duka: zote zihamie kwenye flashi au diski nyingine, kwa maana usakinishaji utafuta kila kitu na hautamhurumia mtu. Kisha, penye Wi-Fi ya bure au ya rafiki mkarimu, pakua faili la install lenye mwisho wa img, la amd64. Jina hilo lisikuchanganye. Linafaa pia prosesa za Intel za biti 64. Liandike kwenye flashi nyingine kwa programu ya Rufus. Kulinakili kama wimbo hakutoshi, flashi haitawaka.

Washa mashine, bonyeza F12 kwenye ThinkPad, chagua flashi. Hakuna picha wala rangi za kukubembeleza, ni maswali tu. Swali la kwanza la maana ni la kibodi, na hapa ndipo laptopu za Ubelgiji na Ufaransa huwaliza watu. Ukipita bila kujibu, mfumo utadhani una kibodi ya Kimarekani: utabonyeza A, utapata Q, na neno lako la siri litakuwa siri hata kwako. Andika be kwa Ubelgiji au fr kwa Ufaransa. Kwa bahati njema herufi hizo ziko mahali pamoja kwenye kibodi ya Kimarekani na kwenye hizo mbili.

Maswali mengi yanayofuata yajibu kwa Enter tu, lakini usilewe nayo. Ukiulizwa kuhusu xenodm, yaani skrini ya kuingilia yenye picha, jibu yes, la sivyo utaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi. Ukiulizwa diski ya kusakinishia, soma ukubwa wake kwanza ili usiifute flashi yenyewe. Na mfumo ukiuliza mafaili yako wapi, jibu disk; ukiuliza kama diski hiyo imeshafunguliwa, kataa, uandike no, kisha uitaje flashi yako. Wengi hukwama hapo wakadhani mashine imekataa, kumbe imeuliza tu na wao wamekubali jambo ambalo si kweli.

Mashine ikiwaka upya, huenda Wi-Fi isifanye kazi, kwa kuwa baadhi ya kadi zinahitaji programu ndogo ambayo lazima itoke kwenye intaneti. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ruhusu ishiriki intaneti, uandike ifconfig urndis0 inet autoconf, halafu fw_update. Baada ya hapo pkg_add itakuletea Firefox na LibreOffice, nazo zinatosha kuandika barua na kuingia Irembo, tovuti ya huduma za serikali. Usifungue kurasa ishirini kwa pamoja. Kwa memori ya gigabaiti mbili, tatu zinatosha.

Ukiingia kama root, yaani msimamizi wa mfumo, utaambiwa una barua. Imeandikwa na Theo de Raadt mwenyewe, kumkaribisha kila aliyesakinisha. Isome.

Na kama mashine kweli imekufa, bodi imeungua, hakuna rufaa itakayosaidia. Chomoa memori na diski umpe jirani ambaye yake bado inapumua. Kilichobaki kiende kwenye kiwanda cha Enviroserve cha taka za kielektroniki, Bugesera, kisiishie kwenye bonde la Nyabugogo.