Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya: Mkoba Tuliupata

Kwa Wizara ya Afya,
Afya House, Nairobi.

Waheshimiwa,

Tunaandika kutoka Kianda, Kibera. Mkoba wa vifaa vya kupimia tuliupata na tunashukuru. Tangu Rais atuzindue Uhuru Park tarehe 25 Septemba 2023, sisi wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, hapa mtaani hakuna nyanya asiyejua presha yake. Iko juu. Wiki jana ilikuwa juu, na wiki hii tumethibitisha kwa mashine ya serikali.

Kuhusu posho hatuna neno. Ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu yenu na nusu ya kaunti, kama harusi ambayo kila upande unaamini ule mwingine ndio utakaolipia tenti. Kila mmoja wetu ana nyumba zipatazo 100, yaani nyumba moja hupata huduma ya shilingi 50 kwa mwezi. Huku choo cha kulipia ni shilingi 10. Kwa hiyo afya ya familia nzima mmeithamini sawa na kwenda choo mara tano, na penye mtoto anayeharisha bajeti huisha kabla ya saa sita mchana. Mlipotuongezea kuandikisha watu bima ya afya ya SHA mwaka 2024, tuliandikisha.

Shida yetu ni ndogo tu: mkoba unapima, haumgeuzi mtu.

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa hospitalini huambiwa ataendelea kuhudumiwa nyumbani. Nyumbani kwenyewe ni chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda nyuma ya pazia, jiko mbele yake. Anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asiote vidonda. Kwa mgonjwa wetu mmoja, anayemgeuza ni binti yake, aliyeacha kibarua cha kufua nguo Lang'ata, na ambaye hakuna aliyemwonyesha namna ya kugeuza mtu mzima bila kujivunja mgongo. Pesa za daipa? Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi wakitimiza miaka 70. Mgonjwa huyu kiharusi kilimpata akiwa na miaka 58. Aliharakisha, tunamwombea radhi.

Msiseme mafunzo hayapo. Yapo tele. Shukeni mjini mwone matangazo ya kozi ya keagiva, yaani mlezi, yalivyobandikwa ukutani. Baadhi yetu tuliisoma kwa pesa za chama, na ni kozi nzuri kweli: kumwogesha mtu kitandani bila kumvunjia heshima, kumlisha aliyepooza upande mmoja bila kumpalia, kukitambua kidonda cha kulalia kabla hakijafunguka. Tuliambiwa tutazame ngozi ikiwa nyekundu. Ngozi ya nani, kitabu hakikusema. Tulifundishwa pia mashine ya kumnyanyua mgonjwa, ambayo siku ikiingia Kianda itabidi mgonjwa atoke nje kuipisha.

Maana kozi hiyo ilikuwa ya kutunza wazee wa Uingereza. Waingereza waliwafungulia walezi viza Februari 2022; Machi 2024 wakasema njooni, lakini watoto waacheni; tarehe 22 Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri wapya kutoka nje. Sasa mtaa mmoja una vijana wenye vyeti vya kutunza wazee na wazee wasio na wa kuwatunza, na serikali yetu bado inatafuta wateja ng'ambo. Na Ujerumani ilishasaini nayo mkataba wa kupeleka wafanyakazi Septemba 2024. Nyanya wa Kianda angejua Kijerumani pengine naye angepata mlezi.

Kuuguza nyumbani tumezoea, ndiyo: mama zetu waliuguza wagonjwa wa ukimwi katika vyumba hivi hivi kabla dawa za ARV hazijafika, bila glavu na bila posho. Msituhesabie hilo kama mfumo.

Maombi yetu ni haya. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 tayari inatutambua. Lipieni kozi hiyo kwa wahudumu mliokwisha kuwapa mikoba, muwaajiri hao vijana wenye vyeti hapa hapa kwa mshahara, na fungu la malezi ya nyumbani lisomwe kwenye bajeti ya Juni ijayo. Kama pesa hakuna, tuandikieni hivyo kwa barua yenye muhuri, tuwasomee wagonjwa. Huwa wako nyumbani.

Wenu katika kazi,
Mhudumu wa afya ya jamii, Kianda.