Unyevu wa Kununua

Mtu wa mtaani kwetu Bwiza akisikia kuna anayemlipa fundi ili hewa ya nyumba yake iwe na majimaji, huuliza kwanza kama mgonjwa ameshapelekwa hospitali. Sisi Ziwa Tanganyika hutuletea unyevu bure mpaka kitandani: masika chumvi inagandana koponi, na suti ya harusi inaota ukungu kabatini.

Lakini ndugu zetu wa Ottawa wana hoja. Hewa ya baridi kali hubeba mvuke kidogo. Ikishapashwa moto na tanuri la nyumba, inakauka kupita kiasi. Midomo inapasuka, pua zinatoka damu, ukishika kitasa kinakupiga shoti. Basi fundi hutoboa bomba la hewa ya moto, hufunga pedi inayochuruzikiwa maji, na feni hupuliza hapo. Kipimo cha unyevu huwekwa kama asilimia 35. Baridi ikizidi lazima ukishushe, la sivyo madirisha yanatoka jasho.

Kilichomuudhi shangazi yangu si hicho. Ni kwamba baadhi ya mashine hizo humwaga mferejini maji mengi kuliko yanayopanda hewani. Maji safi! Yeye huyavizia alfajiri, bidoni zimepangwa, bomba linakohoa tu.

"Mwanangu," akamwambia mdogo wangu aliyeko huko, "hiyo mashine haigeuzwi ikanikaushia kabati?"

Akajibiwa kwamba ya kukausha nayo wanayo: huwashwa kiangazi, chumba cha chini.

Shangazi akadai mtandao unakatika.