Sifa za Kitufe cha Transipozi

Kati ya watumishi wote wa kanisa, hakuna anayefanya kazi kubwa kwa shukrani ndogo kama kitufe cha transipozi. Mhubiri huletewa soda, kwaya hupigiwa makofi, na fundi wa spika hupewa lawama, ambazo nazo ni namna ya kutambuliwa. Kitufe hiki kimekaa juu ya kinanda, karibu na kioo cha namba, na hakipewi chochote. Kinabonyezwa mara tatu kwa kidole cha shahada, kioo kinaandika 3, na ibada inaendelea.

Tazama kinavyookoa. Kiongozi wa sifa pale Makongeni, Thika, hamwulizi mtu kii. Hufumba macho, akainua mkono, akaanzisha wimbo, na wimbo unatua popote sauti yake ilipoamkia siku hiyo. Leo umetua E flati. Mpiga kinanda wetu anajua C, na C peke yake, kii ya vibao vyeupe, lakini hatishiki. Anatega sikio, anapapasa, anabonyeza mara tatu, na C yake imekuwa E flati. Vidole havijahama hata inchi. Waumini wanasema kijana ana kipaji. Sitawabishia, kusikia kwamba wimbo uko E flati katikati ya vigelegele si kazi ya kiziwi.

Ukuu wa kitufe, hata hivyo, hauonekani vizuri mpaka kijana huyo aingiwe na tamaa ya jazz. Amemsikia Aaron Rimbui, mpiga piano wa Nairobi ambaye baadaye alihamia New York, na sasa anataka kodi kama zake, zile sauti zinazopigwa kwa pamoja (si kodi za ushuru, za KRA). Anatafuta mwalimu. Na walimu wa jazz, sijui walikosewa nini utotoni, wana adhabu moja wanayoipenda kuliko zote: mbili-tano-moja, yaani kodi ya pili, ya tano, kisha ya kwanza, katika kii zote 12.

Katika C adhabu hii ni tamu. Mkono wa kushoto unashika F na C. Hiyo ni kodi ya pili. Kidole kimoja kinashuka kutoka C hadi B, na kodi ya tano imefika. Kingine kinashuka kutoka F hadi E, umefika nyumbani. Vidole viwili, hatua mbili ndogo, na chumba kizima kinanukia New York. Kijana anatabasamu. Ndipo mwalimu anaposema, "Sasa D flati." Vidole vilevile sasa vinaanzia juu ya vibao vyeusi, G flati na D flati, kisha kimoja baada ya kingine viteleze mpaka kwenye vyeupe. Mkono unasimama kama mgeni aliyeshushwa stendi ya Ruiru usiku. Na zimebaki kii kumi.

Mwenye akili anabonyeza kitufe mara moja. Kioo kinaandika 1, vidole vinarudi kwenye vibao vyeupe, na D flati imepatikana bila machozi. Kazi ambayo wengine huifanya kwa miezi imekwisha kabla chai haijachemka. Majirani wa mtaa wa Kimbo nao, ambako ukuta wa nyumba ya kupanga hauzuii hata kikohozi, wana sababu ya kukiombea dua: mwenye kitufe hufanya zoezi mara moja, asiyekuwa nacho hulirudia mara 12.

Wakosoaji watasema huo ni uvivu. Basi wamweleze mtunzi Irving Berlin. Mtu huyu alizaliwa Urusi mwaka 1888, akapelekwa New York akiwa mtoto, akaishi miaka 101, na katika maisha yote hayo alipenda kupiga kii moja tu, F shapu, karibu yote vibao vyeusi. Badala ya kujisumbua, alitumia piano yenye wenzo chini ya kibodi: ukiusogeza, vidole vinabaki F shapu na sauti inahamia kii unayoitaka. Aliiita Buick, kama gari, na piano yake mojawapo ya aina hiyo, ya mwaka 1940, imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Kwa mikono hiyo ya kii moja alitunga "Blue Skies" mwaka 1926, na mpiga piano wa jazz Thelonious Monk akazichukua kodi zake akajengea "In Walked Bud" mwaka 1947. Sasa wanafunzi wa jazz duniani kote wanahenyeshwa kupiga wimbo wa Berlin katika kii 12, jambo ambalo Berlin mwenyewe asingethubutu.

Hata nyumbani kitufe kina ukoo wa heshima. Mwalimu wa kwaya anayeandika d, r, m ubaoni na kutangaza "do ni F" anafanya jambo lilelile: do inahama, wimbo haubadiliki. Wamisionari walituletea mtindo huo, ulioenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, na hakuna aliyewahi kuiita kwaya nzima mvivu. Mpiga gitaa naye akifunga kapo shingoni mwa gitaa, au penseli na kipande cha mpira, tunamwita fundi. Ni mpiga kinanda tu anayetafutwa ubaya.

Nakiri kwamba kitufe kina maadui wawili wa kweli. Wa kwanza ni mpiga besi. Mtu huyu haangalii uso wako; anaangalia mkono wako wa kushoto, maana ndiko anakosoma wimbo unakoelekea. Anaona C, anapiga C. Spika inatoa D flati. Kinachofuata hakina jina katika nadharia ya muziki, ingawa waumini wana jina lake.

Adui wa pili ni nyimbo zenyewe. "All the Things You Are", aliyoitunga Jerome Kern mwaka 1939, inapita kii tano kabla haijatulia. Wimbo huo hausubiri mtu anyanyue mkono atafute kitufe. Atakayetaka kuupiga kwa C peke yake atahitaji mkono wa tatu. Na siku atakapokwenda Nairobi, kwenye chuo cha muziki cha Conservatoire kilichoanzishwa mwaka 1944 au kwenye hoteli yenye piano ya mbao, atakuta vibao 88, vyeupe kwa vyeusi, na hakuna kioo wala kitufe. Atatafuta hata chini ya kiti.

Lakini hayo ni ya Nairobi. Hapa Thika na Ruiru kitufe bado ni mfalme, nami sina nguvu ya kumpindua. Ombi langu kwa wapiga kinanda ni dogo: ukimaliza ibada ya kwanza, kirudishe kwenye sifuri kabla hujainuka. Anayepiga ibada ya pili huenda ndiye aliyejifunza kii zote 12, na hana habari kwamba ulikiacha kwenye 1.