Abiria wa Herufi Nne

Ukiomba kiti cha magurudumu kwa ajili ya safari ya ndege, utaulizwa kwenye simu, "Unaweza kupanda ngazi?" Swali hilo halina jibu fupi. Ngazi za wapi? Nikiwa na mkongojo mkono huu na ukuta mkono ule, na asiwepo mtu nyuma yangu anayeguna, napanda. Zile za ndege zinazotikisika kwa upepo, sipandi. Nilikuwa nimeanza kueleza jinsi masika yanavyoniathiri, binti wa shirika akanikatiza kwa adabu. Hakuhitaji maelezo, alihitaji herufi.

Mashirika ya ndege duniani yametugawa sisi wenye miguu ya mgogoro katika mafungu matatu, kila fungu na herufi zake nne. WCHR ni yule anayeweza ngazi, ila umbali wa uwanjani unamshinda. WCHS hawezi ngazi, lakini akifikishwa mlangoni mwa ndege anajikokota hadi kwenye siti. WCHC hawezi hatua, anapelekwa mpaka kwenye siti yake kwa kiti kimoja chembamba chenye mikanda ya kifua na miguu, mtu amekunja mikono ndani ili asigonge wenzake. Nyonga yangu ina chuma tangu nilipoteleza bafuni, na haina msimamo: asubuhi ni R, magharibi ni S.

"Basi S, mama," akasema binti, na safari yangu ikawa imeamuliwa.

Nilikuwa naenda Muscat na wifi yangu, kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yetu. Wifi ana miaka sitini na ushei na bado anadandia daladala ikiwa haijasimama sawasawa. Tunatumia jina moja la ukoo, yeye kwa kuzaliwa na mimi kwa ndoa, jambo ambalo huwa hachoki kunikumbusha. Mpwa wetu alitutafutia tiketi za kubadilisha ndege njiani kwa kuwa zilikuwa nafuu. Vijana hupima unafuu kwa pesa tu.

Jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere lilifunguliwa mwaka 2019. Ni zuri, na uzuri wake ni mrefu. Nilisukumwa nikaupita msururu wote, wifi akinifuata mbiombio na mikoba yetu miwili, ananuna. Watu walinitazama kwa namna mbili. Wengine walisema pole. Wengine walikagua miguu yangu wakitafuta ushahidi, nami kwa ajili yao nikakunja uso kidogo. Wahudumu wa ndege wana utani wao kuhusu jambo hili: wanazitaja safari za miujiza, hasa zile za kwenda na kutoka India, ambako viti vinapanga foleni wakati wa kupanda, kisha ndege ikitua wenyewe wanashuka kwa miguu yao kama kawaida. Mimi siwacheki sana hao. Bibi asiyejua lugha ya uwanja, asiyesoma ubao, mwanawe yuko bara lingine, atamshika nani mkono? Kiti angalau kina mtu nyuma yake.

Kasoro ya huyo wa nyuma ni kwamba ndiye anayeonekana. Ukikaa, unapotea. Kwenye dawati moja ofisa aliruka kichwa changu akamuuliza wifi, "Anaweza kutembea?"

"Kidogo," akasema wifi, kwa huruma ambayo sijawahi kuiona nyumbani.

Ndani ya ndege ikawa vilevile. Mhudumu kauliza, juu yangu, kama ninakunywa chai. Wifi kajibu, "Anakunywa, ila sukari asiwekewe." Sina kisukari. Nilifungua mdomo kusema hivyo, lakini kikombe kilikuwa kimeshafika. Nikavuka Bahari ya Hindi na chai chungu huku wifi akikoroga vijiko vitatu.

Tulikobadilisha ndege, ndege ilisimama mbali na jengo. Wenzetu waliteremka ngazi wakaingia basini. Sisi wa S na C huwa wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka, kwa hiyo tulibaki tukitazama wasafishaji wakikusanya mablanketi, mpaka likaja lori lenye chumba kinachoinuka hadi mlangoni. La kupakia chakula linafanana nalo sana. Wifi aligoma kuingia mpaka ahakikishiwe kuwa halirudi jikoni.

Kisha nikaegeshwa. Ndilo neno lake hasa. Kuna mahali tunapangwa ukutani, viti kwa viti, msukumaji anakuonyesha vidole vitano, yaani dakika, halafu anayeyuka. Viti vyenyewe vina vigurudumu vidogo nyuma, huwezi kujisukuma hata ukitaka. Wifi alikwenda kuangalia manukato. Kibaraza chetu hakikuwa kibaya, lakini. Kulikuwa na mzee aliyeshika picha ya eksirei ya goti lake na kumwonyesha kila aliyepakiwa karibu naye. Kulikuwa na bibi wa Muscat aliyekuwa akirudi kutoka kutembelea jamaa Unguja, Kiswahili chake kitamu, akaniamkia na kunipa somo papo hapo.

"Mwanangu, ukisukumwa usiulize lango. Uliza choo kwanza. Huyu akishaondoka, choo kimeondoka naye."

Alisema kweli. Wazungu wa Umoja wa Ulaya walipoandika kanuni namba 1107 ya mwaka 2006, ile inayotupa haki ya kusaidiwa bila malipo ilimradi utoe taarifa saa 48 kabla, waliweka na msaada wa kufikishwa chooni. Aliyefikiria kutia choo ndani ya sheria bila shaka aliwahi kuegeshwa.

Muscat ilikuwa harusi tu, na wifi alicheza mpaka wenyeji wakamwomba apumzike. Kumbe wakati huohuo alikuwa ameshapiga simu kwa shirika. Magoti, aliwaambia. Wakampa R.

Tuliporudi mpaka pale pa kubadilishia ndege, kikaja kiti kimoja. Ofisi iliona majina mawili ya ukoo mmoja ikadhani mtu kaandikwa mara mbili. Msukumaji alikuwa kijana wa Kenya, mpole.

"Mum ni yupi?" akauliza.

Wifi alikuwa ameshakaa, anaugua.

Kijana alinitazama mimi na mkongojo wangu, akataka kwenda kutafuta kiti kingine. Nikamzuia, kwa sababu nilikuwa nimeshika vishikio vya nyuma ya kiti na nimegundua kitu: kimo chake kilinifaa kuliko mkongojo wowote niliowahi kununua, na kiti chenye mtu ndani kimetulia, hakikimbii. Nikamwambia anibebee mikoba, nitasukuma mwenyewe. "Sawa mum, tutaenda polepole," akasema, huku anajizuia kucheka. Tukapita mbele ya duka la manukato bila kusimama. Wifi akanyoosha mkono, akasema nisimame kidogo. Sikusikia.

Langoni ofisa akaangalia orodha yake, akaruka kichwa cha wifi, akaniuliza mimi.

"Anaweza kutembea?"

"Hata hatua moja," nikasema, na wifi alipofungua mdomo ofisa alikuwa ameshaita kile kiti chembamba cha mikanda.

Walimfunga kifua, wakamfunga miguu, wakamwomba akunje mikono. Nilimngojea mhudumu wa ndege mlangoni ili nimweleze habari ya sukari.