Miaka Sita Hajanizalia

"Mpendwa Mshauri, huu ni mwaka wa 6 naishi naye. Nilimlea kwa maji ya kununua, nikamkinga na mbuzi wa majirani, leo amenawiri na kila apitaye anamsifu. Lakini hajanizalia hata mara moja. Mwaka jana, baada ya kuvuna mahindi, nilimpunguza kidogo nikidhani atapata akili. Ndiyo kwanza akazidisha majani. Sasa hata hayo majani yameanza kuungua kingo. Ndugu zangu wanasema nimtoe, nilete mwingine. Shoka nimeshanoa. Nishauri. Mimi, Mwenye Shoka, Gairo mjini. (Nazungumzia mlokwati. Niliuotesha kwa mbegu ya tunda tamu nililoletewa kutoka Nairobi.)"

Ndugu Mwenye Shoka, hayo maneno ya kwenye mabano ungeyatanguliza. Msomaji aliyefika katikati ya barua yako alikuwa ameshatafuta kalamu ya kukutukana, na mimi nisingemzuia. Jibu langu ni kwamba shoka ulirudishe stoo, utafute kisu kikali na mtu anayejua kubebesha miembe. Mti huo hauna kosa la kukatwa. Una kichwa usichokijua, na kichwa cha mti hubadilishwa bila kugusa mizizi. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kisha nitawajibu wenzako wawili walioandika kuhusu mti huohuo, maana hoja zao ndizo zitakazokurudisha kwenye shoka jioni.

Tuanze na mahali, kwa sababu ndipo wengi wanapotupia lawama. Asili ya mlokwati ni kusini mwa China. Wajapani wameulima kwa zaidi ya miaka 1,000, na wazungu walioukuta kwao wakaupa jina la kitaalamu, Eriobotrya japonica, kana kwamba Wachina hawakuwepo. Ni wa ukoo mmoja na mtufaha, mpeasi na mpichi, na ukoo huo haupatani na joto la pwani. Guatemala, nchi ya ukanda wa joto kama yetu, imeonekana kwamba mti huu huzaa vizuri kati ya mita 900 na 1,200 juu ya usawa wa bahari, na chini ya hapo huzaa kidogo sana au hauzai kabisa. Nairobi ipo kwenye mita 1,700 hivi, na huko lokwati ni tunda la kuchumwa juu ya ua wa jirani. Gairo ipo kwenye mita 1,200 hivi, ina usiku wa baridi mwezi wa sita na wa saba, na upepo ambao kila aliyewahi kushuka kwenye basi la Dodoma pale stendi anaujua. Kwa hiyo kama una shemeji Morogoro mjini anayeapa kwamba mlokwati ni mti wa mapambo tu, anasema kweli kuhusu uwanja wake, ulio kwenye mita 500 na kidogo. Kuhusu uwanja wako hana habari. Hata kwao Morogoro tofauti hiyo inajulikana: anayetaka plamu na pichi hahangaiki nazo mjini, hupanda Mgeta, kwenye miteremko ya magharibi ya Uluguru, ambako Waluguru wamekuwa wakiyateremsha matunda hayo sokoni kwa miaka mingi. Mwinuko, basi, hauwezi kuwa sababu ya mti wako kukaa bure.

Sababu ya kwanza ni umri, na hapo umejihukumu mwenyewe kwenye mabano. Mlokwati wa mbegu huchukua muda mrefu kufikia kuzaa, mara nyingi kati ya miaka 6 na 10. Wa kubebesha huanza mwaka wa 2 au wa 3, kwa sababu kikonyo kilichobebeshwa kimekatwa kwenye mti uliokwisha komaa na hakirudi utotoni. Wako ndio kwanza unaukaribia mlango wa chini wa hesabu hiyo. Lakini siwezi kukushauri usubiri tu, kwa kuwa kusubiri hakuna dhamana. Mbegu ina wazazi wawili, na wewe ulimwonja mama peke yake. Aina nyingi za mlokwati hushika matunda vizuri zaidi zinapopata chavua ya mti mwingine, kwa hiyo baba anaweza kuwa mti wowote uliokuwa karibu na ule wa Nairobi, pengine wenye matunda madogo, makali, yaliyojaa kokwa. Mti wa mbegu unaweza kuwa bora kuliko mama yake. Mara nyingi zaidi ni wa kawaida. Ukisubiri hadi mwaka wa 10 ndipo ugundue kwamba umefuga mchachu, utalitafuta tena shoka, na safari hiyo nitashindwa kukulaumu.

Sababu ya pili ni huko kumpunguza baada ya mavuno. Mlokwati hautoi maua kwenye shina kama mfenesi. Maua hukaa kwenye ncha za matawi yaliyokua msimu huohuo, yakiwa mafungu yenye manyoya ya rangi ya kutu ambayo asiyeyajua huyadhania ni machipukizi yaliyodumaa. Na katika nusu hii ya dunia, kwa kawaida, hutokea mvua zinapokwisha na baridi inapoingia, yaani wakati uleule Gairo inapovuna mahindi na panga limo mikononi. Ukikata ncha zote mwezi wa sita, umekata mavuno ya mwaka mzima, na mti utajibu kwa kutoa majani, kama ulivyoona. Sisemi kwamba mwaka jana ulikuwa tayari kuzaa. Nasema hakuna anayeweza kuapa kwamba haukuwa tayari, kwa sababu ushahidi uliutupa kwa mbuzi.

Sasa hiyo tiba. Mvua zikishakolea mwishoni mwa mwaka na mti ukiwa unasukuma utomvu, mtaalamu wako achague matawi mawili matatu yaliyosimama vizuri, ayakate usawa wa kifua, apasue kila kisiki na kuchomeka kikonyo chenye unene wa penseli, kisha afunge kwa utepe wa nailoni. Tawi moja la zamani liachwe liendelee kulisha mizizi hadi vikonyo vishike, likatwe baadaye. Vikonyo vitoke kwenye mti ambao matunda yake umeyaonja kwa macho makavu, si kwa sifa za mwenye mti. Vifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu na visikae njiani siku nyingi. Ukiweza, bebesha aina mbili kwenye shina moja, ili suala la chavua liishe humohumo uani bila kupanda mti wa pili. Mizizi yako ya miaka 6 imeshaizoea ardhi ya Gairo, imeshavuka ukame na mbuzi. Ukiing'oa na kununua mche mpya, hata wa kubebesha, unaanza tena kulipia kilekile ulichokwisha kukilipia.

Hapo ndipo anapoingia mwandishi wa barua ya pili, aliyejiita Mwenye Ndoo, naye wa Gairo, na hoja yake ni nzito kuliko zote. Anasema maji ya Gairo ni ya kununua kwa ndoo, na mengine ya visimani yana chumvi. Kumwagilia tunda ambalo nusu ya mtaa haulijui jina ni israfu, afadhali alizeti. Nakubaliana naye kwa sehemu. Nyumba ikifika mahali pa kuchagua kati ya maji ya kunywa na ya mti, mti ukae na kiu. Lakini kuulinganisha na alizeti si haki. Alizeti inaishi shambani kwa mvua, mlokwati unaishi uani, na uani maji hupotea kila mvua inaponyesha. Mvua ya milimita 10 ikianguka kwenye paa la bati la mita za mraba 40 inashusha lita 400. Mti uliokwisha kushika mizizi huvumilia kiangazi. Unachohitaji zaidi ni maji ya kujaza tunda, miezi ya nane, tisa na kumi. Ukiupa ndoo mbili za lita 20 kila wiki kwa wiki 12, ni lita 480. Mfereji mmoja wa bati na tangi moja la lita 500 lililofunikwa tangu mwezi wa nne vinatosha, na mabua ya mahindi yakitandazwa kuzunguka shina bila kuligusa, unyevu utakaa zaidi. Si maji ya kunenepesha, ila ni ya kufikisha.

Na hapa Mwenye Ndoo amenisaidia kukujibu, Mwenye Shoka, lile swali la kingo za majani. Mlokwati hauipendi chumvi, na jani linaloungua kuanzia ncha na kingo huku katikati likibaki kijani ndiyo namna yake ya kulalamika. Kama maji uliyonunua yalikuwa ya kisima cha chumvi, ulikuwa unalipa ili kuudhuru. Maji ya paa hayana chumvi. Ya kusuuzia mboga yanafaa. Ya povu la kufulia yapeleke kwingine. Mvua kubwa ya mwanzo wa msimu iachie iingie vizuri kwenye bakuli la mti, izame na kuishusha chumvi iliyokwisha kujikusanya.

Barua ya tatu inatoka Nongwe, kwa Mwenye Eka Moja, ambaye amesikia haya yote na sasa anataka kupanda eka nzima auze Dar es Salaam. Dada yangu, baridi unayo na mwinuko unao, lakini tunda lenyewe halikusaidii. Nyanya unaichuma ikiwa nusu kijani na inaivia tengani. Lokwati likichumwa bichi hubaki chachu hadi mwisho wa maisha yake. Lazima liivie mtini, na likiiva ngozi yake ni laini kiasi kwamba alama ya kidole inageuka nyeusi. Ukilipakia juu ya gari kwenye barabara ya kushuka kutoka milimani Ukaguru, Kariakoo itapokea jamu. Afadhali uipike mwenyewe hukohuko Nongwe, maana tunda hili linaganda vizuri likipikwa na sukari. Ila kokwa ziondolewe zote kwanza, na watoto wazuiwe kuzitafuna, kwa kuwa ndani yake mna kemikali inayotoa sumu ya sianidi kama kwenye kokwa za pichi. Miti miwili mitatu ya nyumbani, ndiyo. Eka, hapana, panda viazi.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna aliyeliuliza, na litawafikia wote watatu siku matunda yatakapoanza kugeuka manjano: inzi wa matunda. Yule mgeni kutoka Asia, aliyegundulika Kenya na Tanzania mwaka 2003, ndiye anayetawala mabondeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo waliofuata inzi hawa kutoka Morogoro chini hadi juu ya Uluguru walikuta kwamba kadiri unavyopanda kwenye baridi yeye hupungua, lakini inzi wetu wa asili wanashika zamu na kushambulia matunda ya milimani. Kwa mti wa nyumbani huna haja ya dawa. Kila fungu punguza vitunda vikiwa vidogo, ubakize vinne au vitano ili vinenepe, kisha ulifunge lote ndani ya mfuko wa karatasi hadi liive, kama wakulima wa Japani wanavyofanya. Karatasi ya gazeti inatosha kabisa, na ukurasa huu, ukishausoma, nauruhusu.