Unyunyu wa Ukweni

Muuza marashi yeyote wa Kariakoo anajua kwamba mteja hununua dakika kumi za kwanza. Anampulizia kwenye kikaratasi, mteja anavuta pumzi, anafumba macho, anatoa pochi. Saa saba au nane zinazofuata hazimhusu muuzaji. Hizo ni za mnunuzi na abiria wenzake.

Kijana mmoja aliyekuwa akienda Gongo la Mboto kujitambulisha ukweni alichagua chupa yenye maandishi ya dhahabu, ndani yake viungo, moshi na udi. Akajipulizia shingoni, kifuani, kwenye vifundo vya mikono na, kwa kuwa siku yenyewe ndiyo hiyo, nyuma ya masikio pia. Akasugua mikono. Akanukia limau, iliki na pilipili manga. Mjomba wake, ambaye ndiye mshenga, akamtazama juu mpaka chini akasema leo hata mahari itapunguzwa.

Harufu ile ya dukani ndiyo yenye maisha mafupi kuliko zote. Spiriti inayobeba unyunyu hupaa ndani ya dakika moja au mbili, na nyuma yake zinaondoka molekyuli zenye haraka, kama limonini ya kwenye maganda ya limau na machungwa. Robo saa, nusu saa ukibahatika, halafu ndiyo basi. Watengeneza marashi wanalijua hilo na hupanga kazi yao kwa ngazi tatu: zinazotangulia, zinazokaa katikati, na nzito zinazobaki chini mpaka usiku. Joto la ngozi huharakisha safari nzima, na kule kusugua mikono, ambako hakuna aliyewahi kufundishwa lakini kila mtu hufanya, huongeza joto. Ongeza sasa jua la Dar es Salaam, saa tisa alasiri, ndani ya daladala iliyojaa mpaka mlangoni.

Walipofika foleni ya Buguruni limau lilikwishaaga. Ikapanda karafuu.

Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, mara nyingi zaidi ya asilimia 70. Yujenoli hiyohiyo madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda na kutuliza maumivu, na hufanya hivyo tangu karne ya 19. Mama aliyekaa dirishani alimgeukia kijana kwa huruma ya kweli.

“Pole baba. Wamelitoa lote?”

Ni dhuluma kidogo, ukifikiria. Karafuu za Unguja na Pemba ndizo zilizotawala soko la dunia katika karne ya 19, na mpaka leo msimu ukifika Pemba utaziona zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, harufu inamfikia mpita njia bure. Yves Saint Laurent alipotoa marashi ya Opium mwaka 1977, karafuu ikiwa miongoni mwa viungo vyake, watu wa Paris na New York walilipa pesa nyingi wanukie hivyo. Hakuna aliyewauliza habari za meno. Lakini daladala si Paris.

Baada ya Tazara ulikuja moshi. Kuni zikiungua, lignini iliyomo ndani ya mti huvunjika na kutoa gwayakoli na ndugu zake, na hao ndio wanaompa samaki wa kubanika harufu yake. Mtengeneza marashi anayetaka moshi hamtii samaki kwenye chupa, bila shaka. Mara nyingi hutumia lami ya mti wa mbetula, ileile iliyokuwa ikipakwa ngozi za Urusi, au mafuta ya mreteni yaliyopatikana kwa kuchoma mbao zake. Pua ya konda, hata hivyo, haisomi lebo.

“Oya, nani kapanda na samaki? Mzigo unalipiwa huo!”

Abiria wakaanza kuchungulia chini ya viti. Kijana naye akachungulia, kwa nia njema kabisa, maana yeye hakusikia harufu yoyote. Pua ikikaa na harufu moja kwa dakika chache huizoea na kuacha kumpa mwenyewe taarifa. Ndiyo maana mwenye nyumba hajui nyumba yake inanukiaje, na ndiyo maana aliyejipulizia ni wa mwisho kujua. Akaamini unyunyu umekwisha. Waliposhuka, akajificha nyuma ya kibanda cha chipsi, akajipulizia tena, safari hii bila kuhesabu.

Basi akaingia ukweni akiwa na saa mbili tofauti mwilini: limau la sasa hivi juu ya moshi wa tangu Tazara. Akampa bibi shikamoo. Bibi akaitika marahaba, akavuta pumzi mara moja, akamgeukia mjomba kana kwamba kijana hayupo.

“Mshenga, kijana wenu anavuta sigara?”

Mjomba akaapa hajawahi. Bibi akasema wavutao ndio hujimwagia marashi kuficha. Hapo hakuna utetezi, kwa sababu kadiri unavyonukia ndivyo unavyozidi kuthibitisha. Na bibi hakuwa mgeni wa moshi. Yeye ni mtu wa chetezo, wa kuweka kaa la moto, kipande cha udi na punje za ubani, kisha kutandaza kanga juu ya susu mpaka moshi uingie kwenye uzi. Udi wenyewe ni mti mgonjwa: mti wa Aquilaria ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu hutoa utomvu mweusi mzito wa kujikinga, na utomvu huo ndio unaouzwa ghali kuliko dhahabu feki za dukani. Kwenye kitambaa kisicho na jasho wala joto la shingo, harufu hiyo hutoka taratibu. Bibi hufukiza nguo usiku na kuivaa kesho yake, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kumkuta kwenye ngazi ya samaki.

Mazungumzo yakaahirishwa wiki mbili. Kijana akaambiwa akirudi aje ameoga tu.

Saa nne usiku, kwenye bajaji ya kurudi mjini, ngazi ya tatu ikawa imefika: vanila, udi, utamu mzito wa taratibu uliokuwa umelala kwenye kola tangu alasiri. Mjomba akasogea, akanusa shati la mpwa wake, akanusa tena.

“Hii umenunua duka gani?”