Sifa za Taka, Kutoka kwa Wasio Nazo

Mpwa wangu alipotoka Dar es Salaam kuja kutusalimia Nyamahanga, alimaliza kula ndizi mbivu akabaki amesimama uani, ganda mkononi, akitazama huku na huku kama mtu aliyepotelewa na funguo. "Bibi," akauliza, "dampo liko wapi?" Mama yangu hakujibu. Alimpokonya lile ganda akalirusha, na mbuzi akalidaka halijagusa ardhi.

Siku hiyo niliujua umaskini wetu. Jina la Nyamahanga utalikuta wilayani Biharamulo, lakini taka za kujivunia utazitafuta mpaka ukome. Maganda ni ya mbuzi. Samadi ya mbuzi ni ya mgomba. Magunzi ya mahindi ni ya jikoni, na majivu yake huchanganywa na maharage ili wadudu wasiyabungue. Ikibaki chupa ya maji aliyoiacha mgeni, kuna mtu ameshaiombea kazi ya kuchukulia maziwa. Tumeishi hivyo tukidhani ndiyo akili, kumbe ni kukosa malighafi. Wenzetu wa mijini wanaambiwa taka zao zitawasha taa. Sisi tutawasha nini? Basi niruhusuni niisifu taka, kama asiye na ng'ombe anavyosifu zizi la jirani.

Kwanza, taka ina ukoo. Asidhani mtu kwamba imeanza juzi kuutaka ukubwa. Mwaka 1897, huko Shoreditch jijini London, taka za mtaani zilitiwa tanurini, joto lake likachemsha maji, mvuke ukazungusha mitambo, umeme ukatoka. Mgeni rasmi wa uzinduzi alikuwa Lord Kelvin, mwanasayansi ambaye jina lake hadi leo ni kipimo cha joto. Jengoni pakaandikwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "kutoka vumbini, mwanga na nguvu". Mchele, na unono wake wote, haujawahi kuandikiwa Kilatini ukutani.

Pili, taka ina mamlaka. Tarehe 9 Desemba 2015 tulipaswa kuadhimisha Uhuru kwa gwaride kama ilivyo ada. Rais Magufuli akafuta sherehe, akaagiza taifa zima lishike mafagio, naye mwenyewe akaonekana karibu na Ikulu akizoa uchafu kwa mikono. Nani mwingine amewahi kulitoa gwaride uwanjani? Taka ilifanya hivyo kwa kulala tu barabarani.

Tatu, taka haina ubaguzi, ila ina adabu ya kumjua mwenyewe. Ya tajiri ni kavu: maboksi, karatasi, vifungashio. Hiyo hushika moto vizuri na hupendwa na matanuri ya Ulaya, hata Sweden huagiza taka za nchi nyingine zisije zikapungua, na Copenhagen wamejenga mtambo wa kuchomea taka ambao juu ya paa lake watu huteleza kwa mchezo. Ya maskini ni mbichi: maganda, mabaki ya mboga, machicha ya nazi. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni za namna hiyo. Ukiitia tanurini, moto hutumia nguvu zake kukausha maji kwanza, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kupuliza kuni mbichi mpaka machozi yakamtoka. Kwa hiyo taka yetu haitaki tanuri. Inataka tumbo.

Nalo tumbo ni hili: shimo au tangi lisilopitisha hewa, ambamo vijidudu hula mabaki na kutoa gesi, kama vinavyofanya ndani ya ng'ombe. Gesi hiyo ndiyo bayogesi, na sehemu yake kubwa ni methani. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki, lakini wahenga hawakupita Mtoni. Dampo la Mtoni, Dar es Salaam, lilipofungwa na taka kuhamishiwa Pugu Kinyamwezi, lile jaa la kale halikukubali kunyamaza. Yakazamishwa mabomba ya kunasa gesi yake, katika mradi uliosajiliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, kwani methani ikiachwa iende zake huipasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya hewa ukaa. Tusiisingizie, lakini: methani yenyewe haina harufu. Kinachonuka ni wale wafuasi wake wenye salfa, wapambe walewale ambao huichafulia jina, kisha huenda kutafuna vyuma vya injini.

Hata hapo Dar haikuwa mara ya kwanza kuota. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwapo mradi ulioitwa Taka Gas, wa kugeuza taka za jiji kuwa umeme na mbolea, kwa msaada wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Ulikuwa na makaratasi ya kutosha, ila mtambo haukusimama. Mwaka 2008 Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa yalianza kutoa umeme. Na ng'ambo ya Mto Kagera, kwa majirani zetu wa Rwanda, magereza yalianza mwaka 2001 kupika kwa gesi itokayo kwenye vyoo vya wafungwa wenyewe, kuni zikapungua sana. Sijui sifa gani nyingine mnaitaka. Mtu amefungwa, lakini alichokitoa kinarudi kumpikia maharage.

Niseme na hesabu, maana sifa bila hesabu ni ngonjera. Tani moja ya mabaki ya chakula hutoa kama mita za ujazo 100 za bayogesi, na kila mita ya ujazo, ikipita kwenye jenereta, hutoa kama yuniti mbili za umeme. Jumla yuniti 200. Mteja wa TANESCO wa matumizi madogo ana yuniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo tani hiyo itamfikisha miezi miwili na nusu, na kidogo cha kuchajia simu. Familia ya watu watano wa mjini, kila mmoja akitupa nusu kilo kwa siku, itahitaji zaidi ya mwaka kuifikisha hiyo tani, tena kama zote ni maganda.

Sasa tuiheshimishe zaidi kwa kuilinganisha na jirani yetu, maporomoko ya Rusumo, yenye mitambo ya megawati 80 ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa, fungu letu likifuata nyaya hadi Nyakanazi. Ili maganda yafanye kazi ya mto ule kwa siku moja, mitambo ikizunguka bila kupumzika, zinahitajika tani 9,600. Hayo ni malori 960 ya tani kumi, kila siku, yakipiga foleni pale njia panda ya Nyakanazi, utingo wakigombana. Sisi wa Nyamahanga tuko tayari kula ndizi kwa ajili ya taifa, lakini kula kuna mwisho.

Taka, kama wakubwa wote, ikidharauliwa hulipiza, na hapo utani hukoma. Machi 2017, jaa la Koshe mjini Addis Ababa liliporomokea nyumba za watu wakafa zaidi ya 100. Agosti 2024, Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, likaporomoka jingine, wakafa zaidi ya 30. Waliofukiwa hawakuwa waliotupa nyingi. Walikuwa waliokosa pa kuishi isipokuwa kando yake. Waethiopia walikuwa wakijenga mtambo wa umeme wa taka wa Reppie palepale Koshe, ukafunguliwa Agosti 2018, ukipangiwa kumeza tani 1,400 kwa siku. Ndipo uone kwamba mtambo huja baada ya maziko, na hata ukija, hukuta ndoo zetu ziko vilevile.

Maana taka ina sharti moja tu, na hilo ndilo linalotushinda. Lila na fila hazitangamani. Tumbo lile linalokula maganda halili betri ya tochi, halili pampasi, halili misumari wala vigae vya chupa. Changanya vyote kwenye ndoo moja, na utakuwa umemlisha ng'ombe sindano kisha ukamlaumu kwa kukosa maziwa. Umeme wa taka hauanzii kwa mhandisi. Unaanzia kwa aliyeshika ganda na kuuliza liende wapi.

Jioni ile mpwa wangu alimweleza bibi yake yote haya: tangi, vijidudu, gesi, jenereta. Mama alisikiliza huku akimenya ndizi za chakula cha usiku, maganda huku, zilizooza kule, kamba ya mkungu pembeni.

"Mjukuu wangu," akasema, "hiyo mashine inakula maganda?"

"Ndiyo, bibi."

"Haitaki plastiki?"

"Haitaki."

"Na inatoa mbolea?"

"Inatoa."

Mama akamtazama mbuzi wake, aliyekuwa ameshafika bila kuitwa. "Na inazaa?"